Pikipiki Niliyoweza Kuifungua

Najua nimekuwa kimya. Nilikuwa nimezama katika kazi moja ya kuandika programu, na kazi hiyo hiyo ndiyo iliyonirudisha nyuma hadi kwenye pikipiki yangu ya kwanza. Kwa hivyo leo tuache kidogo mambo ya seva na hifadhidata, tuzungumze kuhusu injini. Ninyi mnaopita hapa kwa ajili ya tarakilishi msiondoke, huko nako tutafika.

Kazi yenyewe ni hii. Kuna mteja anayeuza pikipiki za umeme kwa mkopo. Mwendeshaji hulipa kidogo kidogo kila siku kwa simu. Siku akikosa kulipa, mfumo unatuma amri na pikipiki inazimika. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuandika amri hiyo. Ni mistari michache tu. Niliiandika asubuhi moja, nikaijaribu, ikafanya kazi, nikaenda kunywa chai. Nikiwa na kikombe mkononi nikaitazama pikipiki ya majaribio iliyoegeshwa nje. Nzuri, haina kelele, haina moshi. Lakini nilipoizunguka sikuona hata mahali pa kuingiza spana. Nikajiuliza: kijana anayeanza maisha na hii, ataikumbuka vipi baada ya miaka 30?

Maana mimi yangu naikumbuka mpaka harufu yake.

Nilikulia karibu na Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda. Kama ulikuwa hujui, ni huko mpakani neno boda boda lilikozaliwa. Tangu miaka ya 1960 vijana wenye baiskeli walibeba watu na mizigo kati ya vituo viwili vya mpaka, wakiita wateja kwa Kiingereza cha kuokoteza: kutoka boda hadi boda. Nilipokuwa mtoto, boda boda bado ilikuwa ni baiskeli yenye mto wa kukalia nyuma. Pikipiki kilikuwa chombo cha watu wenye kazi zao: afisa wa kilimo, mwalimu mkuu, katekista. Zilikuwa chache kiasi kwamba kijiji kizima kilizijua kwa sauti. Ukiwa jikoni unakoka moto ungesikia mngurumo kule barabarani na kusema, "Huyo ni katekista," na hukosei.

Na si ajabu, kwa sababu jina lenyewe ni sauti. Piki-piki-piki. Wazee wengine waliiita tukutuku. Vijana wa Nairobi siku hizi wanasema nduthi. Lakini hayo majina mawili ya kwanza, ukiyatamka polepole, unaweza kusikia injini inavyotembea.

Mjomba wangu alikuwa afisa wa mifugo na alikuwa na Yamaha AG 100. Herufi hizo AG zinatokana na neno la Kiingereza la kilimo, maana pikipiki hiyo iliundwa kwa ajili ya mashamba. Ilikuwa na keria mbele na keria nyuma, na mjomba alifunga kisanduku cha chanjo huku na mabuti ya mpira kule. Sauti yake ilikuwa kali, kama mtu anayepiga sufuria kwa kijiko haraka haraka, na nyuma iliacha moshi wa samawati. Pikipiki ya katekista, Honda C70, haikutoa moshi na sauti yake ilikuwa ya upole. Siku moja nilimuuliza mjomba kwa nini yake inatoa moshi. Akanijibu, "Hii, mwanangu, inakula oili yake pamoja na petroli. Ile ya katekista inaiweka tumboni."

Hilo lilikuwa somo langu la kwanza la uhandisi, na lilikuwa sahihi kabisa. Injini ya mapigo mawili, kama ya mjomba, hupata msukumo mmoja kila shafti inapozunguka mara 1. Haina valvu kama zile za mapigo manne. Pistoni yenyewe ikipanda na kushuka ndiyo inayofungua na kufunga matundu ya kuingizia na kutolea hewa. Oili ya kulainisha huchanganyika na petroli na kuungua pamoja nayo, ndiyo sababu ya ule moshi. Injini ya mapigo manne hupata msukumo mmoja kwa kila mizunguko 2, ina valvu zake, na oili hubaki chini ikizunguka. Ya kwanza ina vipande vichache, ni nyepesi na ina nguvu kwa ukubwa wake. Ya pili ni safi zaidi na hainywi mafuta sana.

Nilipokuwa mkubwa na kupata intaneti, nilianza kutafuta ile Yamaha ilitoka wapi. Nilichokikuta kilinifurahisha kama mwandishi wa programu, kwa hiyo ngoja nikusimulie.

Mwaka 1939 kampuni ya DKW, kutoka mji wa Zschopau huko Ujerumani, ilitoa pikipiki ndogo iitwayo RT 125. Mhandisi wake mkuu alikuwa Hermann Weber. Injini yake ya mapigo mawili ilitumia mbinu ya Mjerumani mwingine, Adolf Schnürle, ya kuelekeza hewa mpya izunguke ndani ya silinda na kusukuma nje ile iliyoungua. Ilikuwa pikipiki rahisi, nyepesi na imara. Kisha vita vikaja, Ujerumani ikashindwa, na michoro yake ikachukuliwa kama fidia ya vita.

Ndipo mambo yakawa kama programu inayopakuliwa na kila mtu. Wasovieti walitoa ya kwao, M-1A Moskva, mwaka 1946. Waingereza walitoa BSA Bantam mwaka 1948, wakigeuza injini kama inavyoonekana kwenye kioo ili pedali ya gia ikae upande wa kulia waliouzoea. Kule Marekani, Harley-Davidson, ambao tunawajua kwa mapikipiki makubwa kama ng'ombe, nao walitoa kijipikipiki cha 125 kutokana na muundo huo huo. Na Japani kulikuwa na kampuni ya kutengeneza piano na vinanda iitwayo Nippon Gakki. Mwaka 1955 ilianza kuuza pikipiki yake ya kwanza, YA-1, iliyoiga RT 125, kisha mwezi wa Julai mwaka huo ikaunda kampuni mpya kwa kazi hiyo: Yamaha Motor. Ukitazama nembo ya Yamaha hadi leo utaona vyuma 3 vilivyopishana. Hivyo ni vyuma vya kupimia sauti za ala za muziki.

Sasa unaelewa kwa nini nilicheka. Afisa wa mifugo wa Busia alikuwa akipeleka chanjo kwa ng'ombe juu ya pikipiki ya watengenezaji wa piano, walioanza kwa kunakili kazi ya Mjerumani iliyonyang'anywa vitani. Sisemi kwamba kunyang'anywa ni jambo jema. Weber mwenyewe alipelekwa Urusi baada ya vita na hakurudi, alifia huko mwaka 1948. Ninachosema ni kwamba muundo ule ulisambaa kwa sababu ulikuwa rahisi kuelewa. Fundi wa nchi yoyote angeufungua, autazame na kusema, aha, kumbe ni hivi.

Ile Honda ya katekista nayo ina hadithi yake. Honda Motor ilianzishwa mwaka 1948. Soichiro Honda alikuwa mtu wa injini, na mwenzake Takeo Fujisawa alikuwa mtu wa fedha na mauzo. Fujisawa ndiye aliyetaka pikipiki ambayo mtu wa kawaida ataipenda, hata yule kijana wa kupeleka tambi za mgahawani, anayeshika usukani kwa mkono mmoja na trei kwa mkono mwingine. Kwa hiyo mwaka 1958 ikatoka Super Cub isiyo na mkono wa klachi. Unabadilisha gia kwa mguu tu, klachi inajifanyia kazi yenyewe. Ina kinga ya plastiki ya kuzuia matope miguuni, na katikati ni wazi, hata mwenye kanzu au sketi anapanda bila taabu. Kufikia mwaka 2017 Honda ilikuwa imeunda zaidi ya milioni 100 za ukoo huo. C70 ya katekista wetu ilikuwa mmojawapo wa wajukuu.

Haya, sasa tuje kwangu.

Mwaka 1999 nilikuwa nimemaliza sekondari na sina kazi. Mjomba alinunua kwenye mnada Honda CG 125 ya zamani, tangi jekundu lililopauka, kiti kimechanika. Akaniambia, "Ikikuwakia, ni yako. Isipokuwakia, ni somo." Nilisukuma kiki siku nzima. Jioni ikawaka. Mnaojua furaha hiyo mnaijua, na wengine siwezi kuwaeleza. Usiku ule niliiingiza ndani ya nyumba nikalala nayo chumba kimoja, harufu ya petroli na yote.

Bila shaka baada ya wiki mbili nilikuwa nimeifungua. Hakuna aliyeniambia nifungue, na haikuwa na tatizo lolote. Nilitaka tu kuona. Nilipoifunga, nati 2 zilibaki mkononi. Nikasema hizo ni za ziada. Pikipiki iliwaka, nikafurahi, nikaelekea mjini, na kabla sijafika injini ikaanza kugonga: ka-ka-ka-ka-ka, kama mtu anakata kuni.

Nikaisukuma hadi kwa fundi mmoja aliyefanyia kazi chini ya mwembe. Hakuuliza kitu. Alichukua bisibisi ndefu, akaweka ncha kwenye injini na mpini kwenye sikio, akasikiliza kama daktari. Kisha akanipa.

"Sikiliza mwenyewe, kijana. Unasikia wapi?"

"Juu, mzee."

"Juu kuna nini?"

Sikujua. Akanifungulia kifuniko cha juu, akanionyesha valvu 2 na vile vyuma vinavyozisukuma. Kila kimoja kina skrubu ya kurekebisha nafasi, na kila skrubu inatakiwa kukazwa kwa nati ili isicheze. Nati hazikuwepo. Nikatoa zile 2 mfukoni. Mzee alicheka hadi akakaa chini. Hakuwa na geji ya kupimia. Alichukua kipande cha wembe, akakipitisha katikati, akakaza, akakivuta kuhisi kama kinabana kidogo. "Ya kwanza nimefanya mimi," akasema. "Ya pili fanya wewe." Hiyo ndiyo iitwayo kupima tapeti, na tangu siku hiyo sijawahi kulipa mtu kunipimia.

Miaka mingi baadaye nilifahamu kwamba somo lile chini ya mwembe halikuwa rahisi kwa bahati. Liliandaliwa Japani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Honda walikuwa wakiuza katika nchi zinazoendelea pikipiki kama CB125S, ambayo kamu ya kufungulia valvu inakaa juu kabisa ya injini na kuzungushwa kwa cheni. Ni muundo mzuri, lakini unataka oili safi na uangalizi wa mara kwa mara. Wenyewe walizibebesha mizigo, wakazipitisha kwenye vumbi, wakachelewa kubadilisha oili. Zikachakaa mapema.

Kampuni nyingine ingesema kosa ni la mwendeshaji, asome kitabu cha maelekezo. Wahandisi wa Honda walibadilisha injini. Katika CG 125, iliyotoka mwaka 1976, kamu ilirudishwa chini, karibu na shafti kuu, izungushwe kwa gia badala ya cheni. Kutoka hapo fimbo 2 nyembamba zinapanda juu kusukuma valvu. Hakuna cheni ya kamu ya kulegea. Na cheni ile ya nje inayozungusha tairi wakaifunika yote kwa kava ili vumbi na matope visiiguse. Fikiria kidogo. Kampuni iliyojipatia sifa kwenye mashindano ya dunia kwa injini za kasi zenye kamu juu ilikubali kurudi kwenye muundo uliokwisha kuonekana wa kizamani, kwa sababu tu waliangalia mtumiaji anaishi vipi. Mimi nimefanya kazi na watengenezaji programu wengi, na bado nasubiri kuona wanaorudi nyuma hivyo kwa hiari yao.

Pikipiki hiyo ilipokelewa vizuri sana. Mwaka huo huo wa 1976 Honda walianza kuiunda Manaus, Brazili. Pakistani iliendelea kuunda CG 125 ya fimbo hadi miaka ya 2020. Na viwanda vya China viliinakili, vikaitoa kwa majina mengi kuliko ninavyoweza kuhesabu.

Hapo ndipo historia iliporudi nyumbani. Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliondoa VAT kwenye pikipiki za chini ya cc 250. Ghafla kijana aliyekuwa akikanyaga baiskeli pale Busia aliweza kuota pikipiki. Zikamiminika, na nyingi kati ya zile za kutoka China zilikuwa na injini iliyoigwa kutoka CG. Kwa hiyo mafundi wetu hawakuhitaji kurudi darasani. Yeyote aliyewahi kufungua CG moja ya mnada aliweza kufungua zote hizo. Spea zilipatikana, wembe ulikuwepo, na chini ya kila mwembe kulizaliwa gereji. Uamuzi uliofanywa Japani katika miaka ya 1970 ulikuja kuwapa watu riziki Busia zaidi ya miaka 30 baadaye.

Sitaki nikudanganye kwamba kila kitu cha zamani kilikuwa kizuri. Breki ya CG yangu ilikuwa kama maombi, unakanyaga na kutumaini. Yamaha ya mjomba ilitutia moshi mapafuni. Na pikipiki hizi zilizotupa riziki zimejaza wadi za mifupa, hakuna familia isiyo na hadithi. Pikipiki za umeme, ambazo zimeenea Nairobi tangu mwanzoni mwa miaka ya 2020, zina mazuri mengi: hazina moshi, hazipigi kelele, betri ikiisha unabadilishiwa nyingine kituoni na kuendelea na safari. Injini ya umeme haina tapeti wala oili ya kubadilisha. Kwa upande huo Hermann Weber angevua kofia.

Lakini kuna jambo limebadilika, na mimi ni mmoja wa waliolibadilisha. CG ilipogoma, sababu ilikuwa mle mle ndani, na mwenye macho, bisibisi na subira angeipata. Pikipiki niliyoiandikia amri ikigoma, sababu inaweza kuwa kwenye seva iliyo mbali. Fundi akiweka bisibisi sikioni hatasikia kitu.

Basi nilifanya ninachodhani wale Wajapani wangefanya. Niliacha tarakilishi nikaenda kukaa na waendeshaji kwenye steji moja kwa siku 2. Sikuwaambia mimi ni nani, niliuliza tu maswali. Mmoja akaniambia bila hasira, "Deni ni deni, kaka, nitalipa. Lakini ikizimika saa nne usiku nikiwa na abiria katikati ya barabara isiyo na taa, mimi na huyo abiria tutakuwa wageni wa nani?" Sikuwa na jibu. Amri yangu haikuwa na jibu pia, kwa sababu sikuwahi kuiuliza swali hilo.

Nilirudi nikaiandika upya. Sasa haiwezi kuzima pikipiki inayotembea. Haizimi usiku. Inatoa taarifa siku moja kabla, na ikizima inaandika sababu kwa Kiswahili kwenye kioo, si namba za kutisha. Mteja alikubali yote hayo. Ombi langu la mwisho ni kwamba fundi yeyote aruhusiwe kusoma hitilafu za pikipiki kwa simu yake, bila kuomba kibali. Hilo hajalikubali. Anasema ni siri ya biashara. Bado tunabishana, na sijui nani atashinda, lakini nimemwambia wazi kwamba nikishindwa hapo, awamu ya pili atafute mtu mwingine wa kuiandika.

Sina uchungu na teknolojia mpya. Kama ningekuwa nao ningekuwa nimekosea kazi. Ila naamini sikuipenda CG kwa sababu ya uzee wake au sauti yake. Niliipenda kwa sababu iliniruhusu nikosee, nati 2 mkononi, kisha nijifunze. Kazi ninayofanya leo ilianzia pale, siku niliyogundua kwamba kitu kilichofungwa kinaweza kufunguliwa, na kwamba ndani yake kuna akili ya mtu mwingine ninayeweza kuielewa.

CG bado iko kwa mjomba. Amestaafu, magoti hayamruhusu kupanda, lakini kila Jumamosi anaipiga kiki iwake dakika chache, "isisahau," anasema. Desemba nikienda nyumbani nitabeba wembe mpya. Mwanangu wa kike ana miaka 11 na ameshaniuliza mle ndani kuna nini. Nimemwambia valvu ya kwanza nitapima mimi.

Haya, kwa leo naishia hapa. Wewe je, ya kwako ya kwanza ilikuwa ipi?